Tathmini Iliyonifuata Hadi Nyumbani

Jumatano, mwezi wa tisa. Asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi na kibaridi cha kujifunika kanga mbili. Kufika saa nne jua likatoka, upepo ukaanza kuzoa vumbi la barabarani na maua ya mikorosho.

Wenzangu, leo nimejifedhehesha. Sikusukumwa na mtu. Nimetoka nyumbani Lionja kwa miguu yangu, daftari kwapani, nikaenda kujifedhehesha kwa utaratibu mzuri kabisa, mbele ya wazazi, walimu na kidato cha nne kizima kilichojaa dirishani.

Nianzie mwanzo, maana najijua. Nikianzia katikati nitajipendelea.

Baada ya mavuno tulikuwa na kikao cha wazazi wa sekondari yetu. Tukakubaliana kila kitongoji kijaze gunia moja la mbaazi kwa chakula cha mchana cha wanafunzi. Vitongoji vitano, magunia matano. Mimi nikasimama nikasema nitaleta gunia la sita, peke yangu. (Sijui nini kilinisimamisha. Ufuta ulikuwa umetoka vizuri na nilikuwa nimevaa kitenge kipya.) Watu wakapiga makofi. Nikakaa nikiwa mtu mwingine.

Basi ilipofika kuchagua kamati ya watu watatu ya kuitathmini shule, watoto wanasomaje na wanaishije pale, mtu akasema, "Mama Zuhura awemo. Huyu ana moyo na watoto."

Nikawaambia mimi ni wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumana.

Mzee Ismaili, ambaye ndiye mwenyekiti wetu wa wazazi, akaniuliza, "Kwani unakwenda kufundisha? Unakwenda kuangalia. Macho si unayo?"

Macho ninayo. Wa tatu akachaguliwa Kosmas, fundi baiskeli, mtu asiyesema sana. Ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika: Kosmas ni mwaminifu, ndiye atakayeshika vitu. Kumbukeni hilo.

Nilitaka tathmini yangu isiwe na upendeleo. Binti yangu Zuhura anasoma palepale, kidato cha tatu. Kwa hiyo jioni ya Jumapili nikamwambia kuwa mpaka kazi iishe, mambo ya shule asinisimulie.

"Kwa nini, mama?"

"Shahidi hawezi kuwa mtu anayelala chumba cha pili. Watasema nimesikia ya mwanangu."

"Lakini kuna jambo moja dogo."

"Zuhura."

"La dakika moja tu, mama."

"Hata nusu dakika."

Baba yake akacheka, akasema nyumba imepata hakimu. Nami nilijiona hakimu, siwafichi.

Jumatatu tukaanza na masomo. Mwalimu wa taaluma akatufungulia kitabu cha matokeo ya majaribio. Ni kijana mpole, nikamwomba aende polepole, akaenda polepole. Kiswahili kizuri. Historia nzuri. Baiolojia si haba. Tukafika Hisabati na Fizikia, pale kalamu nyekundu ilikuwa imefanya kazi peke yake.

Mzee Ismaili akafunga miwani yake. "Imeisha hiyo. Mwalimu wa Hisabati ni mvivu. Andika, Mama Zuhura."

Mwalimu wa Hisabati mwenyewe alikuwa meza ya pili, anasahihisha. Hakuinua kichwa, ila kalamu ilisimama.

Sikuandika. Sikuwa na akili ya kumbishia mwenyekiti, ila nilikumbuka kuku wangu wakifa huwa siulizi kwanza nani mvivu, nauliza walikula nini na saa ngapi. Nikasema, "Mwalimu, ratiba iko wapi?"

Ilikuwa imebandikwa ukutani. Nikaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa awali. Masomo yaliyofanya vizuri yalikuwa ya asubuhi. Hisabati na Fizikia, karibu siku zote, zilikuwa saa nane na saa tisa, baada ya chakula cha mchana.

"Wanashiba wanalala," akasema Mzee Ismaili.

"Inawezekana," nikasema. "Tukaangalie kama wanashiba."

(Mwalimu wa Hisabati akainua kichwa. Akanitazama kwa namna nzuri. Nilirudi nyumbani siku hiyo natembea katikati ya barabara.)

Jumanne saa nane tukaingia kidato cha nne. Nusu ya vichwa vilikuwa juu ya madawati. Walimu wakatoka nje kwa ombi langu. Nikawagawia vipande vya karatasi, nikawaambia waandike maisha ya shule yakoje, wasiweke jina, wasiogope mtu. Kosmas akavikusanya kwenye kofia yake. Tukakaa ofisini nikavisoma kwa sauti.

Kimoja: "Walimu wanajitahidi. Tatizo ni mbaazi."

Kingine: "Mbaazi za hapa ukitafuna unafumba macho ukingoja sauti."

Kingine: "Ninaomba mchanga upikwe sufuria yake, anayeupenda ajiongezee."

Kingine: "Siku hizi sili. Saa nane ubaoni naona namba mbilimbili."

Karibu vyote vilikuwa hivyo. Wengi walikuwa wameacha kula tangu mwezi uliopita. Wanaokula wanakula ugali mkavu. Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: NI MCHANGA. Nilihisi kama mtu aliyechimba kisima akakuta maji. Mimi, wa darasa la saba.

Mzee Ismaili hakupoteza muda. "Basi ni mpishi. Hachambui mbaazi."

Mkuu wa shule naye alikuwa ameshafikiria hivyo. Akavuta droo, akatoa barua. Yuko mama Ruangwa mjini, amewahi kupika hotelini, yuko tayari kuanza Jumatatu. Wa zamani apewe shukrani zake.

Wa zamani ndiye Bi Somoe. Ni mtu wa Nambilanje, mjane, amepanga chumba nyuma ya shule na ile kazi ya jikoni ndiyo inayomweka hapa na kumvalisha mjukuu wake. Tulimkuta amesimama kwenye mlango wa jiko na upawa mkononi. Nadhani barua alishaisikia.

"Bi Somoe," nikamwuliza, "mbaazi unachambua?"

"Nachambua, mama."

"Unaosha?"

"Maji matatu."

"Sasa mchanga unatoka wapi?"

Akanitazama. Akanitazama muda mrefu, wenzangu, mpaka nikajiangalia kama nimefunga kanga vibaya. Kisha akasema, "Mchanga unatoka chini, mama."

Nikaandika hivyohivyo: mchanga unatoka chini.

"Anatufanyia mafumbo huyu," akasema Mzee Ismaili.

Siku ile sikumwelewa Bi Somoe, lakini nilimwonea huruma. Mtu asiachishwe kazi kwa kuhisiwa tu. Nikapendekeza jambo, na Mzee Ismaili akakubali kwa shingo upande: Jumatano wazazi wakutane, magunia yote sita yatolewe stoo, tuyapime mbele ya watu. Mchanga ukiwa kwenye sufuria tu, kosa ni la mpishi, aende. Ukiwa kwenye gunia, kosa ni la aliyelileta, na Bi Somoe abaki. Naomba mlikumbuke hili mkifika mbele: nilitaka haki.

Leo asubuhi Zuhura alikuwa ananisubiri mlangoni na sare yake.

"Mama, leo mnapima magunia?"

"Umejuaje?"

"Shule nzima inajua. Mama, nikuambie tu kabla hujaondoka."

"Kesho, mwanangu. Kesho nitakusikiliza mpaka uchoke."

Akashusha mabega, akatangulia.

Sasa niwaeleze jambo, kwa walio mbali. Huku kwetu magunia yanafanana. Ukipeleka korosho kwenye ghala la chama unakuta mamia yamepangwa, la kwako hulijui. Kwa hiyo kila nyumba ina kamba yake ya kufungia mdomo wa gunia. Wengine wanafunga kwa kitambaa chekundu, wengine kwa magome, wengine kwa fundo lao tu. Mimi nasuka utepe wa chandarua cha zamani, wa bluu, nyuzi tatu, alivyonifundisha mama yangu. Wapagazi wakiuona kwa mbali wanasema, "Lile la Mama Zuhura." Siringi kwa mengi, ila kwa kamba ile naringa.

Kwa hiyo pale shuleni nikasema kamba zisionekane. Tukiziona tutajua gunia la nani, tutampendelea rafiki na kumwinda adui. Wazazi wakasema sawasawa. Tukageukia barabarani wote, hamsini na ushee wazima, kama watu wanaocheza komolela na kungoja wenzao wajifiche, Kosmas akabaki na magunia. Akafungua yote sita, kila kamba akaiweka chini ya gunia lake, akayaandika namba kwa chaki.

Tulipogeuka, Kosmas alikuwa anakohoa.

"Kuna maji kwenye mtungi, kaka," nikamwambia.

"Si maji, Mama Zuhura. Nilikuwa nasema, pengine tungefanya sisi watatu tu, ofisini."

"Haki haifanywi chumbani, Kosmas."

Hakukohoa tena.

Utaratibu ulikuwa wangu mwenyewe. Bakuli moja la mbaazi kutoka kila gunia. Unamimina maji, unasugua, maji unayapitisha kwenye kitambaa cheupe, unakinyanyua watu waone. Gunia la kwanza: makapi kidogo. La pili: safi. La tatu: kijiwe kimoja, watu wakacheka, kikapita. La nne nilipomimina, kitambaa kikawa kizito mkononi. Nikakinyanyua. Kilikuwa kama nimechota mtoni.

Wazazi wakaguna. La tano na la sita nikayapima pia, maana haki ni haki, yote safi. Nikarudi kwa la nne. Nikachota mbaazi, nikazisugua viganjani, na hapo, wenzangu, nikapandwa na hotuba.

"Huu si mchanga wa upepo," nikasema. "Mbaazi hizi zimepurwa chini, kwenye udongo mtupu. Na mwenye gunia hili ana turubai nyumbani. Simjui, lakini analo, kila nyumba ya ufuta inalo. Turubai aliutandikia ufuta, kwa sababu mnunuzi wa ufuta hupitisha mkono na kukataa. Mbaazi za watoto akazimwaga chini, kwa sababu mtoto hana pa kukataa."

Akina mama wakapiga makofi. Mtu nyuma akasema, "Sema, Mama Zuhura."

(Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Nilijishangaa yanatoka wapi, moja baada ya jingine, na picha yake kamili. Sasa ninajua yalikuwa yanatoka wapi.)

"Kwa mtu huyu mmoja," nikaendelea, "watoto wanalala darasani. Kwa mtu huyu, mwalimu wa Hisabati ameitwa mvivu. Kwa mtu huyu, Bi Somoe alikuwa anafungishwa virago."

Bi Somoe akasogea kutoka jikoni. "Mama Zuhura, yatosha. Tumeelewa."

"Usimtetee, Bi Somoe. Huyu asimame mwenyewe hapa, akuombe radhi mbele ya watu, na gunia lake alirudishe kwake akalile yeye na watu wake."

"Mwenyekiti," akasema Kosmas, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "tungepumzika kwanza."

Nikainama, nikainua pembe ya gunia, nikavuta kamba.

Ya bluu. Nyuzi tatu.

Nilibaki nimeinama. Nikasikia karatasi zinapeperuka ofisini. Halafu dirishani kwa kidato cha nne sauti ya msichana ikamwambia binti yangu aliyekuwa dirisha la jirani, wala si kwa ubaya, "We Zuhura, si kamba ya kwenu hiyo?"

Wenzangu, nitawaambia ukweli wote. Nilifikiria kusema kamba zimechanganywa. Nilifikiria kabisa, sentensi ilikuwa imeshafika mdomoni. Lakini aliyeziweka ni Kosmas, na ukurasa wa kwanza wa daftari langu, kwa mwandiko wangu, Kosmas ni mwaminifu. Na Bi Somoe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo, upawa bado mkononi. Ningesema zimechanganywa, barua ingetoka tena kwenye droo.

Nikasimama. "Gunia ni langu."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Turubai lilikuwa na ufuta wa mwisho," nikasema. "Mbaazi zikakauka zote mara moja. Za kula nyumbani nilizipura kwenye mkeka. Mkeka ukajaa. Za shule nikazipura chini." Baba Zuhura ndiye aliyesema turubai libaki kwenye ufuta, ila hilo sikulitaja, kwa sababu yeye alisema mara moja na mimi nilikubali kabla hajamaliza.

Nikamgeukia Bi Somoe, nikapiga goti, nikamwomba radhi kama nilivyokuwa nimeagiza. Adhabu nilikuwa nimeitunga mwenyewe, sikuwa na pa kuipunguzia.

Akaninyanyua. "Inuka, mama, utachafua kanga."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye ninayefungua magunia."

"Mbona hukusema? Walikuwa wanakufukuza."

"Mtu amewaletea gunia zima watoto wasio wake, mimi nisimame nimseme? Kwetu aliyeleta chakula hasemwi." Akashusha upawa. "Nikawa nachota lako kidogokidogo, nachanganya na ya wengine, ili mchanga upungue makali."

Hapo ndipo mwalimu wa taaluma alipofunika uso kwa kitabu cha matokeo, mabega yanatikisika. Maana gunia langu lingepikwa peke yake, mchanga ungeisha wiki moja. Wema wa Bi Somoe uliusambaza mwezi mzima.

Mkuu wa shule akasema barua ya Ruangwa haitahitajika, Bi Somoe anaendelea. Watu wakampigia makofi yeye, na yalikuwa marefu kuliko yangu ya siku ile ya kitenge. Mwalimu wa Hisabati naye, kwa haki, akasimama akasema mchanga haukuwafelisha wote. Yeye huwa anakimbia mada kuwahi kumaliza, na atapunguza mwendo. Hilo nimeliandika pia. Isionekane shule nzima ilifelishwa na mimi peke yangu, ingawa sehemu yangu si ndogo.

"Sasa kwenye ripoti tuandikeje?" akauliza Mzee Ismaili. Alikuwa mpole ghafla, na upole wake ndio ulioniuma kuliko yote. "Tunaweza kuandika 'mzazi mmoja'."

"Andika jina," nikasema. "Lingekuwa la mwingine ningesema liandikwe."

Akaandika. Akaandika vizuri, kwa herufi kubwa, mpaka jina la babu yangu.

Njiani kurudi Kosmas alisukuma baiskeli, gunia nyuma, limebaki robo. Kila tuliyekutana naye alikuwa ameshasikia. Mama mmoja akiwa anapalilia muhogo alinyoosha mgongo akaita, "Mtathmini! Naona umepewa zawadi."

"Nimepewa," nikajibu.

Nyumbani nikatoa gunia la mbaazi zetu za mkekani, zile safi, nikazipeta upya kwa ungo ijapokuwa hazikuhitaji, nikafunga kwa kamba ileile ya bluu. Kosmas akazipeleka shuleni kabla jua halijazama. Akanikoholea mara moja wakati anaondoka, kwa kunitania, na nilistahili.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua.

"Lile jambo la dakika moja," nikamwuliza, "ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Ulijuaje? Kamba ulikuwa hujaiona."

"Mchanga mwekundu. Kwa nani kwingine uwanja ni mwekundu hivyo?" Akaendelea kuchambua. "Kesho bado utanisikiliza mpaka nichoke?"

Baba yake akatoka nje kwa haraka. Nikamsikia anacheka nyuma ya banda la kuku, mahali anapodhani hasikiki.

Jioni tumekula ugali na mbaazi za gunia namba nne. Nimezichambua mara mbili, nimeziosha maji matano, nimeweka nazi. Tumekula taratibu, kila mtu anatafuna kwa tahadhari, kama watu wanaovuka daraja la miti. Bado zinasikika. Nilipoinua sahani yangu kwenda kuosha, chini yake kulikuwa na kipande cha karatasi, hakina jina, mwandiko wa kidato cha tatu: "Mpishi anajitahidi. Ila mbaazi ni za robo gunia, tutazila mpaka lini?"

Nimekihifadhi kwenye daftari. Jibu lake ni mpaka mwezi ujao. Mnaotaka kucheka karibuni, sahani zipo.